Jani la Isale Nililolitoa Kabla ya Kosa

Mpaka wa kihamba changu, shamba la ukoo lenye nyumba yangu, upande wa juu ni mstari wa isale, kama ulivyo mpaka wa karibu kila kihamba hapa Marangu. Mgeni huona mmea wa kawaida tu, wenye majani marefu, usiokufa hata ukiukata na kuuchomeka tena. Sisi tunajua una kazi mbili. Ya kwanza ni kumwambia jirani kwamba hapa ndipo ninapoishia. Ya pili ni kuomba msamaha. Mtu aliyekukosea akija na jani la isale lililopigwa fundo, humfukuzi. Ukilipokea, kesi imekwisha. Kulikataa ni jambo ambalo sijawahi kuliona kwa macho yangu, ingawa nimesikia watu wakitishia.

Mimi nililitumia jani hilo vibaya mara moja. Naandika habari hii kwa sababu wajukuu wangu wanauliza kwa nini sipendi kuitwa Katibu, na wazee wenzangu wote bado wananiita hivyo.

Ukatibu wenyewe ulikuwa wa kamati ya riadha ya wilaya, na haukuwa na mshahara. Kazi yangu ya kula ilikuwa ukarani wa kupima kahawa kwenye chama cha msingi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nina mwandiko mzuri, basi watu wakaona nafaa kuandika mihtasari. Mali ya kamati ilikuwa saa mbili za kupimia muda, moja mbovu, kamba ya kumalizia mbio na nusu gunia la chokaa. Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika soko la Kiboriloni na kahawa ikaanza kudharauliwa, watu wakazungumza kwa sauti ya chini juu ya kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Vijana walikuwa wanashuka mjini, au wanapanda mlimani kubeba mizigo ya watalii. Mwaka hadi mwaka hakuna aliyetuuliza habari ya riadha, sembuse ya watoto.

Ndipo chama cha riadha cha taifa kikaamua kuanza na watoto wa shule za msingi. Wakatuletea barua, na baada ya barua wakamleta mwalimu wao kutufundisha kwa siku mbili. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye saa shingoni, na alizungumza nasi kama anazungumza na ndugu zake. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yametugonga kidevuni.

"Nyie watu wa hapa mnajua kahawa," alituambia. "Mnavuna ya kijani?"

"Aisee, mwalimu!" mmoja wetu akamjibu. "Ukivuna ya kijani hata mke wako anakucheka."

"Basi na miguu ya watoto msiivune kijani. Mtoto wa miaka kumi na miwili msimkimbize maili kumi kwa sababu tu anaweza. Na asiyesoma msiniletee. Sisi hatutafuti miguu peke yake. Miguu inachoka mtu akiwa na miaka thelathini. Baada ya hapo atakula nini?"

Alitueleza mpango wao wote. Kutakuwa na kambi ya vijana Dodoma, asubuhi mazoezi, mchana masomo, kila mtoto na darasa lake, na walimu wa kweli. Atakayefanya vizuri pande zote mbili atatafutiwa nafasi ya sekondari. Mimi niliandika yote kwenye daftari langu, kwa mwandiko ule ule uliowafanya wanichague. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Halina kosa hata moja la herufi.

Siku ya mchujo ilifanyika uwanja wa shule yetu. Katika mbio za mita elfu moja na mia tano, msichana mmoja wa darasa la saba aliwaacha wenzake tangu mzunguko wa pili, hakuonekana kusikia kelele zetu, akamaliza na kuendelea kukimbia mpaka tukamwita arudi. Alikuwa peku. Mwalimu wa taifa aliitazama saa yake, akaitikisa, akaniomba yangu. Yangu ilikuwa ile mbovu.

Nilimfahamu msichana huyo. Alikuwa binti wa mjane aliyekaa ng'ambo ya mfereji wetu wa kumwagilia, jirani wa tatu kutoka kwangu. Kila asubuhi alipeleka maziwa kituoni kabla ya shule, na kwa kuwa ilimbidi kwanza amkamue ng'ombe wao, siku zote alichelewa, na kwa hiyo siku zote alikimbia. Ukisikia nyayo kwenye njia ya mferejini, pa-pa-pa-pa, ulijua ni saa moja kasoro robo. Mke wangu alichemsha uji kwa kufuata nyayo zile.

Mwalimu wa taifa aliporudi Dar es Salaam alituma fomu. Zilikuwa kurasa mbili. Ya kwanza ilitaka jina, umri, darasa na idhini ya mzazi. Ya pili ilikuwa ya masharti, na la kwanza kabisa lilisema hivi: mwanafunzi wa darasa la mtihani asipelekwe kambini mpaka amalize mtihani wake, na nafasi yake itatunzwa mpaka kambi inayofuata.

Nililisoma sharti hilo mara tatu. Lilikuwa wazi, tena lilikuwa jema. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebaki wiki saba, na kambi ilianza baada ya wiki mbili. Nilichopaswa kufanya ni kuandika barua ya mistari minne nikaomba nafasi itunzwe. Sikuiandika. Sikuamini neno lile "itatunzwa". Nilikuwa nimeona mengi yakitunzwa ofisini yasionekane tena. Lakini hiyo ni nusu ya sababu, na nisiseme uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Nusu ya pili ni kwamba mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa kamati ya mkoa, na nilitaka kusimama pale nikiwa katibu wa wilaya iliyotoa mtoto wa kambini. Nilikuwa nimeshaiandika hotuba yangu.

Kwenye nafasi ya darasa nikaandika: la sita.

Kisha nikashuka Kiboriloni nikamnunulia viatu vya kukimbilia. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, aliviinua juu ya rundo. "Meku," aliniita, yaani mzee, "hivi vimeshakimbia Ulaya nzima, vinajua njia vyenyewe!" Vilikuwa vikubwa kwa namba mbili. Nikanunua na kipande cha godoro cha kujazia mbele.

Jioni nikaenda kwa mjane. Nilimkuta akikata migomba kwa ajili ya ng'ombe. Alinipa kigoda na bakuli la mtori, nikamsomea fomu. Hakujua kusoma, akipewa karatasi alitia dole gumba. Nikamsomea ukurasa wa kwanza wote kwa sauti, na wa pili nikaukunja chini ya bakuli. Binti alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea kizingiti, ananisikiliza.

"Ni jambo zuri," mama yake alisema. "Lakini ana mtihani."

"Mambo ya mtihani yatapangwa huko huko, mama. Hao ni watu wa taifa."

"Akirudi nani atamsahihishia kama hawakupanga? Mimi sikusoma, Katibu. Baba yake alisoma kidogo, akafa. Huyu ndiye ninayemtegemea anisomee hata barua za kanisani. Akimbie baada ya mtihani. Miguu itakuwa ni ile ile."

Alisema hasa kile kilichoandikwa kwenye karatasi niliyoifunika kwa bakuli la mtori. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amefika penye sharti la kwanza kwa akili yake tu. Nami badala ya kuona haya niliona ukaidi.

Kesho yake asubuhi nilikata jani la isale mpakani kwangu, nikalipiga fundo, nikarudi kwake. Nilijua hatalikataa. Katika ukoo wao walikuwa watu wa kuheshimu mila kuliko sisi wengine. Alifuta mikono kwenye kanga, akalitazama jani mkononi mwangu, hakulipokea mara moja.

"Isale ni ya aliyekosa," alisema. "Wewe umenikosea nini?"

"Sijakukosea. Nimekuja nayo ili usinikatalie."

"Hatuendi hivyo, Katibu."

"Basi ichukue iwe akiba," nikasema huku nikicheka. "Siku nikikukosea, utakuwa umeshanisamehe."

Yeye hakucheka. Alilichukua jani, akalichomeka juu ya mlango, akatia dole gumba lake kwenye fomu. Mwalimu mkuu wa shule nilimwambia maneno yale yale, kwamba mtihani utafanyiwa kambini, na kwa kuwa nilikuwa na barua yenye mhuri wa taifa hakuniuliza zaidi. Siku ya safari, stendi ya Moshi, nilimshika binti bega kabla hajapanda basi.

"Wakikuuliza darasa, sema la sita."

"Mimi ni wa la saba, baba."

"Najua. Sema la sita. Ni kwa faida yako."

Aliitikia kwa kichwa. Kwetu mtoto hambishii mtu mzima aliyemnunulia viatu.

Niliyajua mengine baadaye, kutoka kwake na kutoka kwa mwalimu wa taifa. Kambi ilikuwa kama ilivyoahidiwa. Walikula vizuri, walikimbia kwa kiasi, na mchana waliingia darasani. Yeye walimweka na wa darasa la sita, kama fomu ilivyosema, akawa anafundishwa hesabu alizokwisha kuzijua. Wiki tano alikaa kimya kwa sababu mimi nilimwambia akae kimya. Asubuhi ya mtihani wa taifa, redio ya kambini ilitangaza kwamba watoto wa darasa la saba nchi nzima wanaingia kwenye vyumba vya mitihani. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinuka. Mwalimu wa taifa alimkuta pale pale, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, na baada ya kumbembeleza kwa muda mrefu akaupata ukweli. Siku hiyo hiyo alianza kutafuta namna, akaenda mpaka ofisi ya elimu ya pale, lakini jina la mtoto lilikuwa Marangu na karatasi yake ilikuwa Marangu, juu ya dawati tupu.

Wakamrudisha nyumbani. Nilikwenda stendi kumpokea, kwa kuwa simu iliyopigwa ofisini kwetu ilisema tu kwamba anarudi. Nilidhani ameumia. Alishuka akiwa na suti ya michezo ya kambi na daftari kifuani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umewakimbiza?"

"Mtihani ulikuwa juzi," alisema.

Hakulia. Afadhali angelia. Tulipanda gari la Marangu tukakaa kiti kimoja, na safari nzima alitazama mashamba ya mahindi ya tambarare kana kwamba ndiyo anayaona kwa mara ya kwanza.

Nilichukua siku mbili kupata moyo wa kwenda kwa mama yake. Nilikata isale nyingine. Nikapiga fundo. Nilifika nikalinyoosha jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikaanza kusema, naye akaninyamazisha.

"Hilo rudi nalo."

"Mama, nimekosa."

"Najua. Ulishaniomba na nilishakupa." Akainua kidole juu ya mlango. Lile la kwanza lilikuwa limekauka, limekuwa la kahawia, lakini fundo halijafunguka. "Ulisema ni akiba. Nimeitumia. Sina kesi na wewe, Katibu. Kwa hiyo usiniombe kitu. Fanya kitu."

Nimewahi kutukanwa maishani, na mara nyingine kwa haki. Hakuna tusi lililonifikia kama msamaha ule. Mtu akikukasirikia unaweza kujitetea. Yeye alikuwa ameniondolea hata hilo. Binti alikuwa ndani anachambua maharage. Nilisikia yakidondoka kwenye sufuria moja moja.

Tatizo lilikuwa hili: kurudia darasa la saba hakukuruhusiwa. Waliorudia walifanya hivyo kwa kuhamia shule ya mbali na kuchukua jina la mtoto aliyeacha shule. Watu walinishauri hivyo hivyo, hata mjumbe mmoja wa kamati yetu. "Tafuta jina kwenye shule za huko Kwa Sadala, nani atajua?" Nilikuwa nimeshamfanya mtoto aseme darasa lisilo lake. Sasa nimfanye aseme na jina lisilo lake?

Nikaketi nikaandika barua kwa chama cha taifa. Hiyo ndiyo barua ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika, na mwandiko haukunisaidia. Niliandika kwamba fomu niliijaza mimi, kwamba ukurasa wa pili niliusoma, kwamba mzazi hakusomewa, kwamba mtoto alisema uongo kwa amri yangu. Nikapeleka nakala ofisi ya elimu ya wilaya kwa mkono wangu. Ofisa elimu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliisoma mpaka mwisho akanitazama.

"Mzee, unajua ukileta karatasi kama hii huwezi kuichukua tena?"

"Najua."

"Na ukatibu?"

"Nao najua."

"Keti," akasema. "Umesimama kama mwanafunzi."

Mwalimu wa taifa alikuja mwenyewe. Nilitegemea anikemee mbele ya watu, lakini alinivuta pembeni ya uwanja, akaniuliza swali moja tu: "Katibu, kwa nini hukuniandikia? Nafasi ningeitunza." Nilimwambia sikuamini. Akatikisa kichwa taratibu. "Hilo ni kosa letu pia," alisema. "Tumewaahidi watu vitu vingi tusivyovitimiza. Lakini hili ningelitimiza." Kisha akaenda na binti ofisi ya elimu, na chama cha taifa kikaandika kwamba mtoto alikuwa kwenye shughuli ya taifa siku ya mtihani na hakuwa na kosa. Ilichukua miezi minne na safari ambazo sikuzihesabu. Mwishowe ikakubaliwa afanye mtihani mwaka uliofuata, shuleni kwake, kwa jina lake.

Mimi waliniondoa ukatibu, na walifanya vizuri. Hotuba yangu ya mkutano wa mkoa niliitumia kuwashia moto.

Alifaulu. Akaingia sekondari ya kutwa iliyojengwa na wazazi, mwendo wa nusu saa juu ya kwetu, akiwa amechelewa mwaka mmoja. Nafasi yake ya kambini ilitunzwa kweli. Barua ilikuja ikimwalika. Aliisoma yeye mwenyewe, akamsomea mama yake kurasa zote, akajibu kwa adabu kwamba anashukuru na hatakwenda. Hakukimbia tena. Sisemi hakushindana tena, nasema hakukimbia. Asubuhi nilimwona akipita njia ya mferejini na sare yake, anatembea, na kengele ya shule ikilia kule juu bado alitembea. Mke wangu alianza kuchelewa kuchemsha uji.

Hilo hakuna ofisi iliyoweza kulirudisha. Mtihani niliupata, kwa msaada wa watu wema kuliko mimi. Nyayo sikuzipata.

Miaka mingi imepita. Yule binti alisoma mpaka kidato cha nne, kisha stashahada ya mambo ya mifugo, na sasa ndiye anayesimamia kituo cha maziwa kile kile alichokuwa akikikimbilia. Mama yake amezeeka, anaishi na binti huyo na wanawe. Mimi pia nimezeeka, mke wangu ametangulia, na macho yangu yanataka karatasi isogezwe mbali.

Mwaka jana alasiri moja alikuja kwangu na binti yake wa kwanza, mtoto mrefu wa darasa la saba, asiyetulia, anayesimama kwa mguu mmoja kama anangoja filimbi. Mkononi mama mtu alikuwa na karatasi. Chama cha taifa cha mpira wa miguu kilikuwa kinakusanya wasichana wa mikoani kwa kituo cha vijana, mazoezi na shule. Mtoto alikuwa amechaguliwa.

"Shikamoo, baba. Naomba unisomee."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Wewe unasoma kuliko mimi."

"Nimeshaisoma. Nataka unisomee wewe, kwa sauti." Akakaa kwenye kigoda. "Siku ile nilikuwa mlangoni. Niliona karatasi ni mbili. Ukasoma moja."

Miaka yote hiyo alikuwa anajua. Alipanda basi akijua, alisema la sita akijua, alinisalimia shikamoo kila tulipopishana njiani akijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilitaka kwenda," alisema. "Nilikuwa mtoto, baba. Wewe ndiye ulikuwa mtu mzima."

Nikavaa miwani. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaugeuza, nikaanza wa pili. Kwenye mstari wa tatu nikaivua miwani nikaifuta. "Endelea tu," alisema. "Maziwa ya jioni bado." Sharti lilikuwepo, kwa maneno mengine lakini lile lile: walio darasa la mtihani wataripoti baada ya mtihani, nafasi zao zimehifadhiwa.

"Yaani mpaka nimalize?" mtoto akalalamika. "Mama, wenzangu watakuwa wameshachukua namba, mimi nitakaa benchi!"

"Watakuwa wamekupashia joto hilo benchi," mama yake akamjibu. Akanipa kalamu. "Andika wewe. Darasa?"

Mkono wangu siku hizi unatetemeka, na mwandiko ule mzuri umekwisha. Niliandika la saba kwa herufi kubwa za mtoto anayejifunza, zimepinda, zimevuka mstari. Aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Mtoto alikuwa ameshachoka na mambo yetu. Aliuchukua mkebe wa maziwa, akaruka mpaka wa isale badala ya kupita getini, akashuka njia ya mferejini mbio. Mama yake alifungua mdomo kama mtu anayetaka kumwambia atembee. Kisha akaufunga, tukakaa tukizisikiliza nyayo mpaka zikaishia kwenye migomba.